Bomba Alilochagua Lambert

Ulianza moto. Lambert alifungua kufuli la nyumba yake akakuta jiko linawaka, na juu yake maji ya ugali yanachemka. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu juzi, na mkewe, Alphonsine, alikuwa kaburini tangu masika yaliyopita.

Mwingine angetoka mbio. Lambert alisonga ugali, akala. Msimcheke. Ninyi hamjaendesha gari kutoka Nyunzu na mzigo wa mihogo, mgongo unauma, mkakuta nyumba haina hata wa kuuliza njia ilikuwaje.

Miaka ile mji wa Albertville, kando ya ziwa, ulikuwa na kamyoneti chache za mizigo, na kila dereva alilichagulia gari lake bomba la moshi kwa sauti yake, ili mke alijue likiwa bado mlimani, abandike maji. Bomba la Lambert alilichagua Alphonsine mwenyewe. Alishinda gereji kwa fundi Salomon akikataa moja baada ya jingine, mpaka likapatikana fupi lenye mngurumo mzito.

"Hii njo yako," alisema akicheka. "Siwezi kuichanganya na ya muntu mwingine."

Basi Lambert akawa akirudi, moto unawaka. Baadaye akakuta sahani imefunikwa. Halafu jioni moja akamkuta Alphonsine mwenyewe amekaa jikoni, na kovu la mafuta ya mawese liko mkononi pale pale.

"Karibu, Papa Lambert. Njia ilikuwa namna gani?"

Alinuka matope ya ziwani, na ugali wake ulikuwa baridi katikati. Lambert alifurahi, na furaha ile ikamtisha. Akaanza kukonda mpaka suruali ikawa inamvuka. Mwishowe alimweleza Salomon, wote wawili wakiwa wamelala chini ya gari, kwa kunong'ona.

Salomon alifanya ishara ya msalaba. "Ile si Mama Alphonsine, Papa. Njo jini. Inasikia gari, inakuja na sura yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Tubadilishe bomba. Nitakufungia silansie kubwa, moshi utoke bila kelele. Ikikosa sauti, haitajua saa ya kukuja. Itachoka, itaenda."

 "Funga," Lambert akasema.

Safari iliyofuata alirudi wakati wa magharibi, gari likishuka mlima kimya, hata majirani hawakugeuka. Jikoni hapakuwa na moto. Alisukuma mlango polepole, na harufu ya matope ikampiga usoni, na katika mwanga mdogo wa dirishani akaona kitu kimechuchumaa kimempa mgongo, kirefu hivi kwamba hata kwa kuchuchumaa kichwa kilikaribia dari, kinateleza na kung'aa kama tumbo la kambale, na mapajani kimeshika kitenge cha Alphonsine, kinajivisha kwa haraka haraka, mkono mmoja tayari ni wa Alphonsine na kovu lake, mwingine bado, na kilipogeuka, pale penye uso palikuwa patupu, isipokuwa mdomo wa Alphonsine, ule ule aliouoa.

"Papa Lambert," mdomo ulisema kwa aibu, "mbona umekuja kimya? Bado sijamaliza."

Lambert alilala ndani ya gari, milango imefungwa. Kulipokucha alikwenda gereji.

"Umeiona?" Salomon aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeiona."

"Asante Mungu, umejua si Mama Alphonsine. Sasa tuite mganga, aifukuze kabisa."

Lambert alitazama mabomba yaliyotundikwa ukutani. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Toa hii silansie," alisema. "Unifungie ile yenye kelele kupita zote."

"Papa! Kwa nini?"

"Inisikie nikiwa mbali," Lambert alisema. "Ipate nafasi ya kumaliza uso."