Kona ya Nne ya Paa

Mvua ya Kigali haijawahi kunidanganya. Nikitazama mawingu juu ya Kinyinya, najua itanyesha wakati gani, itakaa kiasi gani, na itaondoka na mabati ya nani. Hivyo ndivyo ninavyowaambia majirani, na wengine hata wananiamini. Jana asubuhi nilitazama juu, nikatangaza jua la kutwa, nikaanika mashuka yote ya nyumba. Mpaka sasa yanachuruzika maji. Basi tuiache elimu yangu ya mawingu, tumtazame Kirezi, ambaye hakuwahi kujisifu mbele ya mvua hata siku moja. Kirezi aliiogopa.

Alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu kama ya korongo. Waliishi kilimani Kinyinya, upande ule ambako ukiamka asubuhi unakuta nyumba mpya imeota jirani kama uyoga. Baba yake, Damascène, alikuwa fundi wa kujenga maghorofa. Mama yake, Winifred, alifanya usafi kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, na zamu yake haikujua Jumamosi wala Jumapili. Nyumbani alikuwamo pia Kaze, mdogo wake wa miaka mitano, mwenye maswali mengi kuliko hakimu. Na alikuwamo Bibi Gaudiose, mama yake baba, aliyekulia Ngozi kule Burundi. Bibi alipohamia kwao alikuja na mifuko miwili: mmoja wa nguo, mwingine wa maneno. Rozari yake ya mbao haikutoka shingoni, hata akiwa anaoga.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Aprili ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Maduka yalikuwa yamefungwa mpaka kazi iishe, barabara kimya, na watu wazima wote wametoka na majembe na makoleo kuzibua mifereji ya mtaa. Mama akiwa zamu, Kirezi alifagia uwanja, akachemsha uji, akamwosha Kaze uso. Shingo Kaze alikataa, akasema haionekani.

Kazi ilipokwisha, kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa, alipanda juu ya tofali ili aonekane. "Ndugu zangu, upepo wa mwaka jana mnaukumbuka. Kila mtu afunge paa lake kwa waya, kona zote nne, leo leo!"

Kirezi aliukumbuka vizuri sana. Upepo ule uling'oa mabati ya jiko lao, yakaruka yakipiga mbawa, yakatua kwenye migomba ya jirani. Tangu hapo, ngurumo ikilia, anatafuta pa kujificha. Wiki chache zilizopita radi ilipiga karibu na shule, na watoto walipogeuka wakamkuta Kirezi chini ya dawati, amelikumbatia begi lake kama mtoto mchanga.

Shyaka, mtoto wa jirani mwenye ile migomba, alisoma naye darasa moja, na jambo kama hilo hakulisahau. Asubuhi hiyo alipita na koleo la baba yake begani.

"Ee, Mama Dawati! Mawingu hayo, sha, rafiki! Umeshachagua pa kuingia?"

"Nenda zako, Shyaka."

"Naenda. Lakini niambie, kesho utaimbaje?"

Hapo ndipo alipogusa kidonda. Kesho yake jumuiya ya kanisa, ile inayozunguka nyumba kwa nyumba chini ya uongozi wa Mzee Léonce, ingesali kwao, na Kirezi ndiye aliyechaguliwa kuongoza wimbo. Sauti alikuwa nayo. Shida ilikuwa maneno: *Siogopi tufani, Bwana ndiye paa langu.*

"Utasimama mbele ya Mzee Léonce useme 'siogopi', na darasa zima tumekuona?" Shyaka aliuliza. "Huko si kuimba, huko ni kumdanganya Mungu kwa sauti nzuri."

Akaondoka akipiga mluzi. Kirezi akafagia tena pale alipokwisha kufagia, maana jambo hilohilo lilikuwa likimkosesha raha tangu Jumatatu.

Muda mfupi baadaye Baba alikuwa juu ya ngazi na koleo la kukatia waya. Alikuwa ameshafunga kona tatu za paa, kila moja imekazwa mpaka kwenye chuma kilichojengewa ukutani, simu yake ilipolia. Msimamizi wake alitaka saruji ifunikwe upesi kabla ya mvua.

"Kirezi," Baba alisema akishuka, "mwite jirani yetu Mzee Mugenzi aje amalizie kona ya nne, hii ya sebuleni. Waya huu hapa. Usichelewe."

"Wewe mwanangu nenda kazini," Bibi Gaudiose aliingilia. "Mtoto ana vyombo. Mugenzi nitamwita mimi."

Baba akaenda. Kirezi akaosha vyombo. Aliporudi uani, waya haukuwapo, na Bibi alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi kwa utulivu mkubwa.

"Bibi, Mzee Mugenzi amekuja?"

"Kona ile ina mlinzi mkubwa kuliko Mugenzi. Nimemkabidhi Mungu."

"Na waya?"

"Mungu hatumii waya," Bibi alisema, akageuza ndizi upande wa pili.

Waya wenyewe haukuwa mbali, tutauona. Kirezi hakuuliza zaidi, kwa sababu alikuwa na swali jingine kubwa zaidi.

"Bibi, wewe unaogopa ngurumo?"

"Mimi?" Bibi alicheka hadi kisu kikatikisika. "Mjukuu wangu, ngurumo za Ngozi zilikuwa zinanyonyoa kuku, sisi tunamalizia kuwapika! Bwana Yesu alilala chomboni dhoruba ikivuma. Nami hulala vivyo hivyo. Mwenye imani haogopi."

Bibi alidhani amempa mtoto moyo, kumbe amemvunja. Kirezi alihesabu mwenyewe: mwenye imani haogopi, mimi naogopa, basi imani sina. Akaamua kwamba Baba akirudi atamwambia atafutwe mwimbaji mwingine.

Mchana mbingu ikashuka. Upepo ulianza kwa kubeba mifuko na majani, kisha ukakumbuka kwamba una nguvu. Mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia Shyaka amelowa chapachapa, mkononi ameshika pakiti ya chumvi inayochuruzika maji meupe.

"Mama alinituma dukani," alisema huku meno yakigongana. "Naomba nijisitiri."

Radi ikapasua juu ya kilima. Kirezi alirudi nyuma hatua mbili. Alitazama meza, akaona chini yake panamfaa kabisa. Lakini Kaze alikuwa amesimama katikati ya sebule akitazama juu, na ile kona ya nne ilikuwa imeanza kusema: *pa! pa! pa!* kama mtu anayebisha hodi kutoka mbinguni.

"Bibi!" Kirezi aliita. Bibi hakuitika.

Basi akafanya waliyofundishwa shuleni. Alichomoa televisheni kwenye umeme, akafunga mlango, akamshika Kaze mkono mmoja na Shyaka mkono wa pili, akawavuta hadi chumba cha wazazi, upande ambao Baba alikuwa ameukaza kwa waya. Akawaketisha sakafuni, mbali na dirisha. Ndipo Kaze alipoona miguu miwili yenye soksi za bluu imechomoza chini ya kitanda.

"Bibi, unafanya nini huko?"

"Natafuta rozari yangu," ilisema sauti. "Imeanguka."

Radi ikapiga tena, na ile miguu ikaingia ndani kama kobe.

Kaze alianza kulia. Kirezi hakujua dawa nyingine ya kumnyamazisha ila kuimba. Akafungua kinywa, lakini lile neno la kwanza likakataa kutoka. Likatoka jingine, linatetemeka, lakini limetoka:

"*Naogopa tufani... Bwana ndiye paa langu.*"

"Umekosea maneno," Shyaka alinong'ona.

"Sijakosea."

Sebuleni kitu kilipasuka, *kraa!* Bati la kona lilifunuka, likapiga, likafunuka tena, na maji yakamiminika juu ya viti kama mtu anamwaga ndoo. Shyaka akamng'ang'ania Kirezi mkono mpaka kucha zikaingia.

"Imba tena, sha," alisema. "Vilevile ulivyokosea."

Akaimba tena. Kaze akadakia, kisha Shyaka, na mwishowe kutoka chini ya kitanda ikajiunga sauti ya nne, nzito, iliyojua maneno yote. Juu yao boriti zililia, bati likapiga kelele zote linazozijua, lakini kona tatu zilishika.

Mvua ikapita kama ilivyokuja. Jua lilipochungulia, Baba aliingia mbio, viatu vimejaa matope, hajaaga hata mtu kazini. Aliwagusa wote kichwani mmoja mmoja, Shyaka naye akaguswa. Kisha akatazama juu. Bati moja la sebuleni lilikuwa limekunjwa kama chapati. Mengine yote yalikuwa mahali pake.

"Mungu ametulinda," alisema polepole. Halafu akauliza, "Na waya wa kona hii uko wapi?"

Kaze ndiye aliyenyoosha kidole dirishani. "Baba, si ule pale?"

Uani, kutoka kwenye mti wa parachichi mpaka kwenye nguzo ya jiko, waya mpya ulikuwa umevutwa sawasawa kama uzi wa gitaa. Juu yake kilining'inia kitenge cha Bibi Gaudiose, kimelowa.

"Kamba ya zamani ilikuwa imelegea," Bibi alisema akijifuta vumbi magotini. "Nguo zangu zinagusa chini, mbuzi wa Mugenzi anazionja..."

"Mama," Baba alisema, kwa heshima, lakini hakucheka. "Juzi tulisali Mungu atulinde na upepo. Leo kiongozi akatukumbusha, waya ukapatikana, na jirani mwenye mikono yupo. Hilo ndilo lilikuwa jibu la sala. Sasa wewe jibu la Mungu umelianikia kitenge."

Bibi aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mwanangu. Nilisema namwachia Mungu. Kumbe nilikuwa namwachia uvivu wangu."

Kirezi akaona afadhali aseme na lake wakati huohuo. "Baba, kesho nisiimbe. Mimi naogopa. Bibi anasema mwenye imani haogopi."

Baba akaketi kwenye kiti kilicholowa, maji yakampenya suruali, hakujali. "Kirezi, unajua nikiwa ghorofa ya sita najisikiaje?"

"Hujisikii kitu. Wewe ni fundi."

"Naogopa. Kila siku. Ndiyo maana nasali kabla ya kupanda, na ndiyo maana nikishasali navaa mkanda wa usalama. Nikivaa mkanda bila kusali, nitajiona mimi ndiye ninayejishikilia. Nikisali nikauacha mkanda chini, nitakuwa namjaribu Mungu. Lakini uoga haunitoki, na sijawahi kuona Mungu amenikasirikia kwa ajili yake. Mtoto anayeogopa giza hushika mkono wa nani?"

"Wa baba yake."

"Kwa nini? Kwa sababu anamwamini. Leo uliogopa, ukamshika Mungu kwa wimbo, na ukawashika wenzako kwa mikono. Imani nyingine unaitafuta wapi?"

Shyaka alikuwa mlangoni na chumvi yake iliyokuwa sasa maji matupu. "Kirezi," alisema akitazama vidole vya miguu yake, "yale ya dawati nimeyaacha." Kisha akaongeza, maana ulimi haupoi siku moja, "Lakini mama akinipiga kwa ajili ya chumvi, nitakuja kujificha hapa."

Kabla jua halijazama, Mzee Mugenzi alikuja na ngazi, bati likanyooshwa, waya ukashushwa kutoka kwenye parachichi na kona ya nne ikafungwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyeshikilia ngazi, akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumapili alasiri sebule ilijaa. Watu walibanana kwenye mabenchi ya kuazima, na wengine wakakaa kwenye viti ambavyo bado vilikuwa na unyevu, wakawa wanasimama mara kwa mara kwa sababu wasizozisema. Kirezi alisimama mbele. Uoga haukuwa umeondoka. Akaimba: *Naogopa tufani, Bwana ndiye paa langu.* Mzee Léonce, kiongozi wa jumuiya, aliinua kichwa, akatazama bati lenye makunyanzi, kisha akamtazama yeye.

"Urudie, mwanangu," alisema. "Tuimbe wote namna hiyo. Hata sisi wazee jana tuliogopa, tuliona aibu tu kusema. Mungu hatafuti watu wasioogopa. Anatafuta watu watakaomkimbilia, na njiani wafunge mapaa yao."

Wakaimba, na nakwambia paa lilitikisika kuliko siku ya upepo.

Ndipo Mzee Léonce akauliza nani ana ushuhuda. Kabla hajamaliza, Bibi Gaudiose alikuwa ameshasimama, kitenge chake kimekauka vizuri na kunyooka.

"Ndugu zangu," alianza, mkono kifuani, "la waya nimeshatubu, na tusilirudie. Lakini kwa uoga, hapana! Jana radi zilipiga, bati likalia, watoto wakatetemeka. Mimi nilikuwa kitandani nimelala fofofo, kama Bwana chomboni. Hata kope haikutikisika."

"Bibi," Kaze aliuliza kwa sauti safi iliyofika mpaka benchi la nyuma, "si ulikuwa chini ya kitanda?"

Mtu mmoja alikohoa. Shyaka aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nilishuka kidogo," Bibi alisema, "nikitafuta rozari yangu iliyoanguka."

"Lakini tuliiona. Ilikuwa shingoni."

Watu wote waligeuka. Mkono wa Bibi ulipanda polepole, ukapapasa, ukaikuta rozari pale ilipokaa siku zote. Akaishika, akainua macho kwenye lile bati lililonyooshwa.

"Mungu ni mwema," alisema. "Imepatikana."