Dodoso Namba Thelathini na Moja

Karatasi ilikuwa safi mno, na hapo ndipo karani alipoitilia shaka.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika masjala ya kliniki ya baridi yabisi: chumba cha mwisho kushoto, kando ya ngazi ambazo wagonjwa wa hapo walizichukia kuliko sindano. Karani mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Kliniki nzima ilimwita Bi Mhuri, kwa kuwa hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kugongwa. Alikuwa anahesabu madodoso ya awamu ya pili. Sitini, yote yapo. Lakini lile la namba thelathini na moja lilikuwa na mwandiko wa kupendeza, herufi zimesimama wima kama watoto mstarini.

Namba thelathini na moja alikuwa dada yake. Na Jumatatu iliyopita, dada yake alipokuja kulijaza, mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye vidole. Aliandika kwa kushoto. Walicheka mpaka machozi, maana maneno yalipanda na kushuka kama yameandikwa juu ya gari bovu.

Bi Mhuri alilipokea dodoso lile kwa mikono yake. Hili halikuwa lile.

Akafunga mlango, akayapanga yote sitini mezani. Mhuri wake una tabia moja: kidole gumba chake cha kulia kina uvimbe wa zamani, kwa hiyo kila anapogonga, mhuri hulalia kushoto. Aliyapitia moja moja. Arobaini na sita yamelalia kushoto. Kumi na manne yamenyooka sawasawa, kana kwamba yamepimwa kwa rula.

"Kumi na manne ya kughushi," alimwambia daktari mkuu saa tatu kamili. "Mtu amechukua ya kweli, akaweka haya."

Daktari alikuwa amerudi usiku wa kuamkia siku hiyo kutoka safari ya siku tano. Akakaa chini taratibu.

Inafaa kueleza hapa, kwa asiyejua, kazi yenyewe ilikuwa nini. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kliniki ile walipimwa hali ya maisha yao kwa karatasi ya kigeni, nesi akiwatafsiria papo hapo, leo hivi, kesho vile. Mgonjwa asiyeweza kukamua nguo wala kushika kijiko aliandikiwa kwamba hajambo, basi tu kwa sababu swali halikumfikia. Ndipo wakaamua kutengeneza dodoso lao, kwa Kiswahili, maswali ishirini. Miaka miwili ya jasho. Wagonjwa sitini walilijaza mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Kama ugonjwa haujabadilika na majibu yanarukaruka, basi swali ndilo bovu.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi saa nne," daktari alisema. "Wakilipitisha, kliniki zote zitalitumia. Nisipojua mpaka Jumatano jioni ni nani aliyefanya hivi na yale ya kweli yako wapi, itabidi niwaambie awamu nzima ni chafu. Watalitupa, Bi Mhuri. Na ufunguo wa kabati unakaa kwako."

"Najua unakaa wapi, Dokta. Nipe siku mbili."

Alitoka akiwa amepiga moyo konde. Alijivunia dodoso lile kama mtoto wa kumzaa, na hakuwa tayari kuona jasho la watu sitini waliojikokota kwenye zile ngazi likimwagwa.

Daftari la ufunguo lilisema wazi: tangu Jumatano hadi Ijumaa ya wiki iliyopita, watu watatu walichukua jalada na kulirudisha, kila mmoja mara mbili. Mtakwimu, nesi na mfasiri. Na mhuri nao hulala kabati hilo hilo.

Mtakwimu alikuwa kijana mrefu waliyemwita Desimali. Shahada yake ilitegemea kazi ile. Jumanne, saa nne na nusu, Bi Mhuri alimkuta kwenye kompyuta yake.

"Haya kumi na manne uliyaingiza lini?"

"Sijayaingiza bado. Niliingiza arobaini na sita tu. Si nilisema kwenye kikao cha Jumanne iliyopita? Maswali kumi na tisa yako vizuri. Swali la tisa linayumba, majibu ya mara ya kwanza na ya pili hayapatani. Nikasema kumi na manne yaliyobaki ndiyo yatakayoamua kama libaki au liondolewe."

"Likibaki, wewe unafaidika."

Desimali akageuza kiti, macho yamemtoka. "Mama, unanishuku mimi? Mimi nikitaka kudanganya, nabadilisha namba humu ndani, dakika tano, natoka nakunywa chai. Nihangaike na kalamu kuiga miandiko ya watu kumi na wanne? Hata mwandiko wangu mwenyewe siuwezi!"

Bi Mhuri alitazama karatasi iliyokuwa mbele ya kijana. Ni kweli, hausomeki. Akamwachia hapo, ingawa hakumfuta kwenye orodha ya washukiwa.

Saa sita mchana alimfuata nesi, waliyemwita Sista, kwenye chumba cha sindano. Nesi ndiye aliyetunza madodoso matupu, na Bi Mhuri alishayahesabu: yamepungua kumi na manne.

"Droo yangu haina kufuli," Sista alisema, huku akipanga mabomba ya sindano. "Humu ndimo mnamonywea chai nyote. Yeyote angeweza kuchukua. Mimi nimehangaika na hawa wagonjwa, nimekaa nao masaa mawili kila mmoja..."

"Saa mbili, Sista," sauti ilisema kutoka koridoni. Ilikuwa ya Mwalimu, mfasiri wa dodoso, anapita na kikombe chake. "Wingi wa saa ni saa. Hakuna neno masaa."

"Saa mbili ni asubuhi, Mwalimu!" Sista akamjibu, na wote wakacheka, maana ugomvi huo ulikuwa wa kila siku.

Mwalimu akaendelea na safari yake. Bi Mhuri akamgeukia tena Sista, akamwekea mbele dodoso namba thelathini na moja. "Hili unalionaje?"

Sista alilitazama, akakunja uso. "La dada? Hapana. Huyu nilimfunga bandeji mimi mwenyewe, mkono wa kulia. Angeandikaje hivi?"

Jibu hilo lilimtoa Sista kwenye orodha moja kwa moja. Aliyeghushi hakujua habari za ile bandeji. Aliyeifunga bandeji asingeweza kukosea namna hiyo. Aliyeghushi alikuwa mtu asiyekutana na wagonjwa, anayewajua kwa karatasi tu.

Bi Mhuri alirudi masjala, akaketi, na moyo ukamwuma: aliyebaki, mwenye mkono wa kuiga miandiko, alikuwa Mwalimu. Bi Mhuri alikuwa na miaka kumi na mmoja Mwalimu alipomshika mkono darasani kwa mara ya kwanza na kumwonyesha jinsi ya kuandika herufi bila kukandamiza kalamu. Kila alichokuwa, alikuwa kwa sababu ya mzee yule. Alitamani sana awe amekosea.

Basi akatafuta ushahidi wa kumtoa. Alichukua madodoso ya awamu ya kwanza ya watu wale kumi na wanne, akayaweka ubavuni mwa yale ya kughushi. Aliyeghushi alikuwa fundi. Ameiga mikia ya herufi, ameiga mkono uliotetemeka, hata wino uliovuja. Kisha macho yake yakashuka kwenye mstari wa mwisho, ule unaosema: *Eleza kwa maneno yako jinsi ugonjwa unavyogusa maisha yako.* Dada yake, awamu ya kwanza: *Nikikaa masaa mengi, magoti yanagoma kuamka.* La kughushi: *Nikikaa saa nyingi, magoti yanagoma kuamka.*

Akatazama mwingine. Kisha mwingine. Watu sita kati ya wale kumi na wanne waliandika "masaa" mara ya kwanza. Mara ya pili, wote sita walikuwa wameacha neno hilo, kama walioponywa kwa dawa moja. Kwenye yale arobaini na sita ya kweli, kila aliyeandika masaa mara ya kwanza aliandika masaa tena.

Bi Mhuri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akalia kidogo, peke yake, mlango umefungwa.

Jumatano saa tisa alasiri, watu watano walikaa ofisini kwa daktari. Bi Mhuri aligawa karatasi na kalamu, akaandika sentensi moja ubaoni: *Nikikaa masaa mengi, magoti yanagoma kuamka.*

"Naomba kila mmoja aninakilie hii," alisema. "Kama ilivyo."

Desimali alinakili kwa mwandiko wake wa kutisha. Sista alinakili. Mwalimu alinakili bila kusita, akaweka nukta, akalaza kalamu kwa adabu. Bi Mhuri alizikusanya, akazisoma kwa sauti.

"Desimali: *nikikaa masaa mengi.* Sista: *nikikaa masaa mengi.* Mwalimu..." Akaiweka karatasi ile mbele ya mzee. "Mwalimu: *nikikaa saa nyingi.*"

Mzee aliitazama karatasi, akautazama ubao, akaitazama tena karatasi. Ilikuwa dhahiri kwamba hakujua kama ameandika hivyo.

"Mkono umekataa," alisema polepole.

"Ulikataa mara sita, Mwalimu. Na mhuri wangu uliunyoosha. Mimi siwezi kugonga wima, kidole hakiniruhusu. Kwa nini?"

Mwalimu alipoongea, kiburi kilikuwa bado kwenye sauti yake, kama mtu anayeshikilia koti lake la mwisho.

"Swali la tisa nililiandika mimi. *Ukiamka asubuhi, ugumu wa viungo huchukua saa ngapi?* Hakuna kosa hata moja pale. Sista alitaka niandike *masaa mangapi*. Nikakataa. Miaka thelathini na minane nimefukuza neno hilo darasani, nije kulipigia chapa uzeeni, chini ya jina langu? Kisha Desimali anasema swali langu ndilo bovu! Nikayachukua yale kumi na manne kuyaona mwenyewe. Mtu anaulizwa saa ngapi, anajibu *saa mbili asubuhi*. Wiki mbili baadaye yuleyule anajibu *nusu saa*. Nikasema hawa hawasomi. Nikawasahihisha."

"Uliwasahihisha wagonjwa," Sista alisema.

"Na la dada yangu?" Bi Mhuri aliuliza.

"Lile la pili lilikuwa na mwandiko mbaya sana. Nilidhani amejaziwa na mtoto. Nikalirudisha kwenye mwandiko wake wa awali. Sikujua mkono unamwuma."

"Mwalimu," Bi Mhuri alisema, na safari hii hakuficha machozi, "wewe ulitufundisha kwamba mtihani unampima mwanafunzi. Hapa ni kinyume. Hapa anayepimwa ni dodoso. Mgonjwa hawezi kukosea. Akijibu *saa mbili asubuhi*, ametuambia jinsi alivyotusikia. Lile kosa lilikuwa kazi yetu, ndiyo maana tuliwaita watu sitini wapande ngazi mara mbili."

Mzee aliinamisha kichwa.

Daktari akauliza kile ambacho wote walikiogopa. "Yale ya kweli uliyachoma?"

"Kuyachoma?" Mwalimu aliinua uso, ameumia kweli. "Sijawahi kuchana karatasi iliyoandikwa na mtu. Yako nyumbani, kwenye meza yangu."

Desimali aliruka na kwenda kuyachukua pamoja naye. Saa kumi na moja na robo yalikuwa mezani, yote kumi na manne, mihuri imelalia kushoto. Pembezoni, kwa penseli nyepesi, Mwalimu alikuwa amesahihisha kila kosa la lugha. Kwenye lile lenye maneno ya kupanda na kushuka alikuwa ameandika: *Mwandiko mbaya. Jitahidi.*

Bi Mhuri alimpigia dada yake simu akamsomea. Kicheko kilichotoka kwenye simu kilisikika mpaka kwa daktari.

"Mwambie nitajitahidi," dada alisema alipopata pumzi. "Lakini hilo swali lenu la tisa, kwa nini msiulize kama watu? *Ukiamka asubuhi, unakaa muda gani mpaka viungo vilegee?*"

Desimali akaliandika hapo hapo.

Alhamisi saa nne kasoro dakika ishirini, kabla wakaguzi hawajafika, Mwalimu aliingia masjala amevaa suti yake ya shule, imepigwa pasi. Jina lake lilikuwa limeshaondolewa kwenye jalada la dodoso. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Daktari alikuwa ameamua kuweka kila kitu mezani: ya kughushi, ya kweli, na swali la tisa likiwa limeondolewa mpaka lijaribiwe upya. Maswali kumi na tisa yalisimama imara kwa miguu yao wenyewe, na hakuna aliyekuwa na cha kuficha. Lililobaki lilikuwa taarifa ya aliyefanya kosa, kwa mkono wake.

"Shikamoo, Mwalimu," Bi Mhuri alisema, akisimama.

Mzee alishtuka kidogo, kama hakuitegemea tena salamu hiyo. "Marahaba, binti yangu."

Akampa kurasa mbili. Bi Mhuri alizisoma kwa makini, kama alivyofundishwa. Alikuwa ameeleza yote, siku na saa, bila kujitetea. Mwishoni aliandika sentensi za wale wagonjwa sita, moja chini ya nyingine, kama walivyoziandika wenyewe. *Nikikaa masaa mengi. Masaa ya asubuhi ndiyo mabaya. Silali masaa yote.* Mara sita. Neno la kwanza lilikuwa limetetemeka, la pili kidogo. La sita lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko ule ule mzuri aliomfundisha Bi Mhuri, bila kukandamiza kalamu.

"Soma kama kuna kosa," Mwalimu alisema.

"Hakuna, Mwalimu. Hata moja."

Alimjivunia mzee yule wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, na akamwambia hivyo. Kisha akauvuta mhuri, akaweka kidole gumba chake kilichovimba, akagonga. IMEPOKELEWA, umelalia kushoto, saa nne kasorobo.