Jani Juu ya Bomba

Haya yalimpata rafiki yangu Bitutu, na ukimwambia ni uongo mtagombana. Alikuwa Ekerenyo, kwenye kituo cha zamani ambacho tangi lake la petroli lilivuja. Kazi yake ilikuwa kufyonza mvuke wa petroli kutoka udongoni kwa mashine na mabomba. Kila bomba alilipima kwa kipande cha jani la mgomba: likinata mdomoni, bomba linavuta.

Alasiri moja wingu la mvua ya mawe lilitia giza, stima ikapotea, mashine ikanyamaza. Lakini jani la bomba la mwisho liliendelea kuinuka na kushuka, fyuu, fyuu.

"Binti, toka hapo," alisema Nyasani, mlinzi mzee. "Mashine ikizimwa, hilo mimi silisogelei."

"Mzee, bomba hili nililifukia mwenyewe. Siendi mahali."

Akapiga magoti. Jani lilipanda na kushuka sawasawa na kifua chake. Akabana pumzi. Jani likatulia.

Tutaona nani atachoka kwanza, aliwaza, akakaza meno gizani, masikio yakimvuma.

Si yeye aliyechoka. Jani lilifyonzwa ndani ghafla, na chini ya udongo mtu akakohoa.