Safu Nzima kwa Mpigo

Lifti ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Karani wa vipuri, gauni lake la kijani limenyooshwa pasi, alibanwa na kikombe chake cha chai mbele ya fundi wa kompyuta ambaye ofisi nzima ilimwita Fomula. Lifti ikatikisika, chai ikamwagikia kiatu cha Fomula. Binti akaomba radhi. Fomula akasema kiatu chenyewe kilikuwa na kiu, wakacheka mpaka wakapitiliza ghorofa yao.

Mchana binti alimpelekea shida yake. Makro, programu ndogo aliyoikuta kazini, ilipitia namba za vipuri mstari mmoja mmoja, ikiitafuta kila namba kwenye orodha kuu, na kompyuta ikaganda. Yeye na shangazi yake, aliyemlea na kumwingiza kitengo cha vipuri, waliishia kutafuta kwa macho. Fomula akavuta kiti.

"Usiizungushe," alimwambia. "Ipe safu nzima fomula ya kutafuta kwa mpigo. Majibu yatarudi pamoja."

Akaandika amri moja. Safu ikajaa papo hapo. Shangazi akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

Mapenzi yakaanzia hapo. Wakawa wanakula pamoja, jioni wanapigiana simu.

"Umetafuta kwenye orodha ngapi kabla yangu?" binti alimchokoza.

"Moja tu, mpenzi. Likarudi jina lako."

Kisha meneja akaona kitengo kinamaliza kazi mapema mno. Akamwita Fomula amweleze ile makro, naye akaeleza kwa furaha. Haukupita muda, kitengo kikafungwa, kazi yake ikaachiwa kompyuta. Shangazi, aliyeingia pale akiwa msichana, alitoka na sweta yake mkononi. Binti aliposikia nani alimwonyesha meneja, akaacha kupokea simu.

Fomula akawafuata nyumbani. Shangazi akamkaribisha kwa adabu, akamwekea maji, akaingia ndani.

"Ulijua?" binti akauliza.

"Sikujua. Aliniuliza inafanyaje kazi, nikajisifu."

"Nakuamini," binti akasema, na Fomula akapumua.

Akamwambia anataka kumuoa, shangazi akae nao. Binti akatikisa kichwa.

"Kila asubuhi atakuona ukifunga tai uende palepale. Hatasema neno. Atakumiminia chai tu."

"Basi nitaacha kazi."

"Hapa tutakuwa watatu tusio na kazi. Na popote atakapokuona, ataikumbuka ile safu."

Akamweleza kwamba ghala moja katika mji mwingine limempa yeye kazi, wanahama na shangazi. Shangazi umri wake umepita, hakuna mwajiri anayemtaka tena.

"Nakupenda," akasema. "Ila huyu ndiye mama niliyenaye."

Binti akanyoosha mkono, akamfunga Fomula kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akakishika kidogo.

Kutoka jikoni shangazi akauliza kama mgeni atakula.

"Hapana, shangazi," binti akajibu. "Anaondoka."