Mguu wa Kushoto

Walikutana katika duka la vipuri, watu wakibanana kaunta. Yeye, mwanamke fundi wa malori, alivaa ovaroli iliyochujuka magoti. Mwanamume shati jeupe, pasi imekaza, mkononi mpira wa duara wa kuziba mafuta, uliochanika.

"Kaka, mchanga ndio umeukata huo," alimwambia bila kuulizwa.

"Umejuaje?"

"Miaka kumi na miwili nafungua breki za malori. Cheti sina, macho ninayo."

Mwanamume alicheka. Alikuwa amejijengea ndege ya watu wawili katika ghala la baba yake, na mguu wa kushoto, unaosukumwa na mafuta kushusha gurudumu, ulikuwa unavuja. Simu zake zikaanza asubuhi na jioni. Akamwita malkia, kisha mpenzi. Fundi akayafuata mafuta toka pampu hadi mguuni, akabadilisha mipira yote. Wakaipandisha ndege kwenye jeki, magurudumu yakaingia na kutoka mara thelathini. Mwanamume akaapa jina lake litaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za ndege.

Siku ya wakaguzi wa ndege, wenye tai zao, gurudumu la mbele lilitoka, la kulia likatoka, la kushoto likaning'inia nusu njia. Wakauliza nani aliyetengeneza.

"Fundi mmoja wa malori," mwanamume alisema. "Kosa langu kumwamini."

Fundi alikuwa hatua tatu nyuma yake, ameshika kitambaa. Alilegeza bomba, akakinga tone kiganjani. Mafuta aliyotia yeye yalikuwa mekundu. Haya yalikuwa yamepauka, yananuka mafuta ya breki. Mwanamume alikuwa ameyaona yamepungua, akaongezea ya breki za gari lake, na mipira ikavimba, ikakwama. Macho yao yalikutana. Mwanamume akainamisha yake mpaka wageni wakaondoka.

Wiki moja baadaye mwanamume alikuja gereji na pete.

"Nilibanwa, mpenzi. Mbele ya watu wale ningesema nini?"

"Ulichofanya."

"Nisamehe. Nataka nikuoe."

"Wapigie sasa hivi. Waambie, nami nisikie."

Aliigeuza simu mkononi, akairudisha mfukoni. "Hayo yamepita, malkia."

Fundi alimpa mipira mipya na kopo la mafuta mekundu, kwa kuwa hakutaka afe. Alimwambia aoshe mabomba yote kwanza. Kisha akarudi chini ya lori.

Miezi ikapita. Mchana mmoja ndege ndogo ilipita juu ya gereji ikienda kutua, watu wakatoka kutazama. Yeye hakutoka.

"Mguu wa kushoto umeteremka?" aliuliza kutoka chini ya lori.

"Yote mitatu, fundi," jirani alimjibu. "Yule bwana ana mikono, jamani. Kaijenga peke yake."