Jina Lililosawazisha Jiwe

Mtoto alinuka saruji mbichi. Imakulata alimwogesha, akampaka mafuta, akambadilisha nguo, harufu ikabaki palepale shingoni. Kisha kilio kikaanza, na ziwa akalikataa.

Pale mtaani Makanyagio kina mama wanajua kuwa mtoto mchanga akilia hivyo anadai jina. Bibi Restituta, mama mkwe wake, akampakata na kuwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja. "Kama ni wewe, babu Gervas, nyamaza tukupokee." Mtoto akazidi kulia. Hospitali walishakwenda, ugonjwa haukuonekana. Sasa sauti ilikuwa imekauka na utosi umebonyea, na Imakulata alikuwa amechoka hata kulia.

"Osward," bibi akamwita mwanawe, "kuna wafu gani wengine umewagusa?"

Osward ni msanifu majengo. Ndiye aliyechora mnara wa kumbukumbu ya wachimbaji waliofia shimoni, ule wa pale sokoni Kashaulili uliozinduliwa juzi kwa vigelegele. Akapiga magoti, akayataja majina ya kwenye jiwe kwa kunong'ona. Alipofika kwa Makarius Telesphor, mtoto akanyamaza.

"Huyo nani?"

"Si mtu, mama. Upande wa kushoto ulipungua jina moja, jiwe likaonekana limekaa vibaya. Nikatunga, pande zilingane."

Wasanifu wana ugonjwa wao, mstari ukipinda kidogo hawapati usingizi. Lakini kuutibu kwa jina la mfu, hapo alikosa adabu.

"Jina la mfu halikai bila mwenyewe," bibi alisema. "Kuna kitu kimelikuta tupu kikaingia. Usiliguse! Nyie vijana mna papara. Tukaliombe kwanza, tulipelekee uji wa mtama."

"Mwanangu anakufa, mama!"

Akachukua tindo na nyundo, akadandia bodaboda, na mbele ya watu wa sokoni waliokuwa wakimzomea akaanza kulichimbua lile jina, herufi baada ya herufi, vumbi likimjaa machoni, mkono ukimvuja damu, huku kila pigo likijibiwa na pigo jingine kutoka ndani ya jiwe, la karibu zaidi, kana kwamba kuna mtu naye anachimba kuja nje, na Osward akiogopa kuendelea na akiogopa zaidi kuacha, mpaka herufi ya mwisho ikadondoka na jiwe likawa kimya.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake amesimama nje, amejifunika kitenge usoni, hataki kuingia. Ndani, Imakulata alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Ananyonya, Osward! Njoo umwone."

Osward akaanguka magotini kumshukuru Mungu. Mtoto akaliachia ziwa, akageuza shingo taratibu, akamkazia macho. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanaume mzima, nzito, yenye kikohozi.

"Nyumba yangu umeibomoa. Basi nitakaa hapa."

Kisha akaligeukia ziwa, akaendelea kunyonya.