Ukurasa wa Tisa

Upepo wa ziwa pale Musoma hauna adabu. Asubuhi ile ulimkuta Ursula katikati ya soko, kavaa gauni lake la njano la kitenge, begani mfuko wa michoro, na mkanda wa mfuko ukaamua kukatika papo hapo. Karatasi zikaruka juu ya mafungu ya nyanya na dagaa. Moja ilidakwa na fundi wa mabegi, kijana mrefu mwenye shati la bluu, bila hata kuinuka kwenye cherehani yake.

"Dada, twiga wako kakimbilia kwangu."

"Mrudishe, ana kazi. Anasubiriwa na watoto wa chekechea."

"Na mkanda je? Au utaendelea kukimbiza twiga?"

Alipokuwa akishona, Ursula aliuona mkono wake wa kushoto. Vidole vitatu tu. Cha pete na cha mwisho havikuwepo. Vile vitatu vilisukuma kitambaa kwa wepesi ambao wengi wenye vitano hawana. Akatoa penseli, akachora. Fundi, Stanslaus jina lake, mzaliwa wa Nyamuswa, alipomaliza tu aliurudisha mkono mfukoni.

"Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa na miaka kumi."

Simu zikaanza. Kila jioni Stanslaus alimpigia Ursula kwake Nyasho, na hakuna mwanamume aliyewahi kumchekesha vile.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sato mzima. Umeshona nini leo?"

"Achana na mabegi. Mimi nawazaga harusi tu. Padri atatafuta kidole cha pete mpaka achoke."

Alicheka, na Ursula akacheka. Hakujua kwamba jambo lile la utani ndilo lililomnyima mwenzake raha tangu ujana.

Miezi miwili baadaye kitabu cha picha alichokuwa akichora Ursula kilikuwa tayari kwa majaribio: msichana amekatikiwa begi siku ya kwanza ya shule, na Fundi analishona. Ukurasa wa tisa ulijaa mkono wa Fundi, vidole vitatu. Ursula hakumwambia Stanslaus, alitaka kumshtukiza. Nia njema, lakini hata mimi ningemgombeza. Akamwita Butiama, kwenye darasa la chekechea ambako watoto walikuwa wamekaa na kitabu hicho wiki nzima.

Stanslaus alifika na shati jipya, nywele amenyoa vizuri. Kupitia dirishani akauona mkono wake umechorwa kitabuni, mkubwa kama sinia. Watoto walipiga kelele, "Moja! Mbili! Tatu!" Kila mmoja alikuwa amekunja vidole viwili, na wote walikuwa wanacheka. Akageuka, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakupokea simu za Ursula. Aliyepiga ni mhariri, Bwana Eliasi, kutoka Dar es Salaam.

"Kitabu kizuri, ila mkono ule utawatisha watoto. Ongeza vidole viwili. Kazi ya dakika tano."

"Siongezi."

"Ursula, hiki ni kitabu chako cha kwanza. Bila hivyo hatuchapi."

"Watoto hawajatishika. Mnaotishika ni nyie watu wazima!"

Akakata simu, akalia, kisha akapaka wanja upya na kupanda basi la Bunda, alikosikia Stanslaus amehamishia cherehani. Alimkuta sokoni, kainama kwenye begi.

"Umekuja kumalizia vilivyobaki?" Stanslaus aliuliza bila kumtazama.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuchora bila kukuuliza. Hilo ni kosa langu na sina utetezi."

"Mkono huu nilikuwaga naficha hata kanisani. Wewe ukaupeleka darasani uchekwe!"

"Uchekwe?" Ursula akamwekea kitabu mapajani. "Kifungue."

Kurasa nyingine zilikuwa safi. Wa tisa ulikuwa mweusi kwa alama za vidole, mafuta ya maandazi na uji, pembe moja imetafunwa. Juu ya ule mkono rangi ilikuwa imefifia kwa kuguswa.

"Hivi ndivyo huwaga najua watoto wamependa picha gani. Naangalia uchafu. Walikunja vidole kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa Fundi. Kuna Bhoke, ana miaka minne, alilia kwa kukosa zamu. Mhariri anataka niongeze viwili. Nimekataa. Lakini mkono ni wako. Ukisema niufute wote, naufuta."

Stanslaus alipitisha vidole vyake juu ya alama zile, taratibu, mara mbili.

"Mpigie."

Ursula akapiga, akaweka spika.

"Bwana Eliasi, mimi ndiye mwenye mkono. Ni vitatu, hakiongezwi hata kimoja."

"Basi hakuna kitabu, ndugu yangu."

"Kipo," alisema Stanslaus, akakata. Akamgeukia Ursula. "Chora, mama. Karatasi si zinashonekaga? Cherehani ninayo. Tutavishona vitabu wenyewe, tunaanza na darasa la Butiama."

Ursula alicheka huku anafuta machozi na wanja wake wote. "Na yule padri anayetafuta kidole?"

Stanslaus aliutoa mkono wa kushoto, akaunyoosha juu ya cherehani, mbele ya soko zima la Bunda. Watu walitazama. Hakuurudisha.

"Vipo vitatu," alisema. "Chagua wewe, padri asihangaike."

Ursula akashika cha kati.